Mistari Nyuma ya Cyrille

Kufikia siku aliyokwenda Pearland, Wawira alikuwa ameshadanganywa na watu wa kutosha, na karibu wote walimwandalia chai kwanza. Chai ya Warundi wa Fort Worth, Texas, ilikuwa tamu na uongo wao ulikuwa na adabu. Kilichomkera ni kwamba uongo wenyewe, kuhusu kijana aliyekuwa akimtafuta, ulikuwa mmoja. Mzee Ézéchiel, kiongozi wa jumuiya yao, alisema Cyrille yuko baharini kwenye mtambo wa mafuta na mtandao wa huko ni mbovu. Elvire, mwimbaji wa kwaya anayefanya usafi hotelini, alisema Cyrille yuko baharini kwenye mtambo wa mafuta na mtandao wa huko ni mbovu. Hata mama mmoja aliyekuwa akikaanga sambusa ukumbini kanisani, ambaye hakuna aliyemuuliza, alisema vivyo hivyo. Wawira alikuwa askari mpelelezi Embu, Kenya, miaka mingi kabla ya kuhamia Mansfield na kufungua kiofisi chake cha upelelezi. Watu watatu wakikueleza jambo kwa maneno yale yale, ujue kuna kikao kilikaa.

Mteja wake hakualikwa kwenye kikao hicho. Aliitwa Capitoline, ila kila mtu alimwita Mama Cyrille, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Alikuwa mjane aliyepasuliwa moyo Desemba iliyopita, ya mwaka 2018, na sasa Machi ilikuwa imeingia akiwa bado anatembea kwa kushika ukuta. Wawira alipofika kwake mara ya kwanza alimwamkia shikamoo, kwa kuungaunga, maana kwao Embu salamu hiyo huonekana kwenye vitabu vya shule tu.

"Marahaba, mwanangu. Kaa," Capitoline alisema. "Nitakuonyesha kitu, halafu uniambie kama mimi nimepata wazimu."

Kwenye simu yake alimwonyesha kijana mwenye uso mwembamba ameketi mbele ya meza ya kazi. Nyuma yake iliwaka monita ya kompyuta ya zamani, zile za kichogo ambazo watu walishazitupa. "Mama, habari za leo. Mimi mzima. Dawa usiache, na kula vizuri," alisema kijana. Wakati wote huo mistari myeusi ilikuwa ikikimbia juu ya kioo kile nyuma yake, mmoja ukimfukuza mwingine.

"Umeona mistari?"

"Nimeiona, mama. Si ni kioo kibovu tu?"

"Cyrille ndiyo kazi yake, kutengeneza hivyo vioo. Kuna Wazungu wanapenda michezo ya kompyuta ya zamani, wanamletea kutoka mbali. Sasa sikiliza. Mimi niliugua malaria ya kichwa kule kambini Mtabila, tulipokuwa wakimbizi Tanzania, na tangu hapo kitu kikichezacheza mbele ya macho yangu, natapika. Cyrille anajua. Ndiye alikuwa ananishikia beseni, mtoto mdogo. Mwaka jana kila Jumapili alinitumia video, na mpaka Oktoba hakuna hata moja iliyokuwa na mistari. Tangu Novemba zote zina mistari. Na hapigi simu. Nikipiga, haipokelewi."

"Na Darius anasemaje?" Darius alikuwa mwanawe wa pili, mpakiaji kwenye ghala moja la mizigo.

"Darius siku hizi akiongea na mimi anaangalia miguu yangu." Capitoline aliigeuza simu kifudifudi mapajani. "Mtoto anayejua kinachonitapisha anitumie hicho hicho kila Jumapili? Huyo si Cyrille. Kama ni Cyrille, basi kuna mtu kamshika. Nitafutie mwanangu."

Wawira hakuwahi kupewa kesi inayoanzia kwenye mistari ya kioo. Aliichukua kwa sababu mama yule hakulia wala hakulalama, alitoa hoja.

Aliyafanya yote yanayofanywa. Alipiga simu kwa mawakala wanaoajiri watu wa mitambo ya mafuta, na hakuna aliyemjua Cyrille. Alitafuta hospitalini na mahabusu. Tarehe ya kuzaliwa haikumsaidia, kwa kuwa karani wa kambini aliwaandikia Januari mosi nusu ya watu waliopita mbele yake, na majina ya Cyrille yalikuwa yamegeuzwageuzwa, kila karatasi kivyake. Alikwenda hata kwenye misa yao ya Kiswahili. Kila mwezi Capitoline alipeleka nia yake ya misa kwa padri, na msomaji akaisoma: tumwombee Cyrille, Bwana ampe afya na amrudishe salama. Watu waliitikia, "Ee Bwana, twakuomba utusikie," lakini itikio lilichelewa kidogo, na Elvire kwenye kwaya aliinamia kitabu chake. Wawira alilitia jambo hilo akilini na kulitafsiri vibaya. Alidhani wanamwonea aibu Cyrille. Alishika wazo kwamba kijana amefanya jambo bovu, amejificha, na ndugu zake wanamfunika.

Ndiyo maana alikwenda Pearland, pembeni ya Houston, alikokuwa akiishi Cyrille, akiwa amekunja uso.

Nyumba ilikuwa ya Shem Mogaka, Mkisii, nesi kwenye hospitali moja kubwa ya Houston. Cyrille alipanga chumba kwake na kufanyia kazi gereji. Shem alifungua mlango akiwa bado na sare za kazi, akajaribu kutabasamu, na Wawira akatazama chini. Pembeni ya mlango palikuwa na ndala kubwa za buluu. Miguu ya Shem ilikuwa midogo.

"Yuko ndani?"

"Nani?"

"Shem, nimeendesha gari kutoka Mansfield. Usinichezee."

"Cyrille yuko offshore, dada. Na network ya huko..."

"Ni mbovu. Nimeambiwa. Hizo ndala zimeogelea kutoka huko?"

Shem alisogea pembeni. "Ingia u-check mwenyewe."

Alikagua. Chumba cha Cyrille kilikuwa na kitanda kilichotandikwa vizuri mno, rozari juu ya mto, koti kwenye msumari. Alipitisha kidole dirishani kikatoka na vumbi. Kwenye kabati nguo zote zilikuwepo, pamoja na viatu vya kanisani. Mtu anayejificha hubeba walau nguo za kubadili. Wawira alirudi sebuleni akiwa na wasiwasi ambao hakuingia nao, na kwa kuwa hakutaka bado kuuliza lililomjia kichwani, aliuliza jingine.

"Nionyeshe hizo monita."

Shem alifurahi kupata la kuzungumza. Gereji ilijaa vichogo sakafuni hadi karibu na dari, rangi ya maziwa yaliyoungua. Kwenye meza ya kazi, ile ile ya kwenye video, ilikaa monita moja kubwa. Shem aliiwasha. Ilitoa mlio mwembamba, nywele za mkono wa Wawira zikasimama alipokikaribia kioo chake, kisha picha ikatokea, kali na tulivu.

"Hii haichezi," Wawira alisema.

"Kwa macho yako haichezi. Hii kitu inachora picha upya mara eighty-five kwa sekunde moja, so jicho linaona imetulia. Sasa toa simu, i-record."

Wawira alitoa simu. Kwenye simu kioo kilikuwa kimejaa mistari myeusi inayokimbia. Aliinua macho, monita imetulia. Akaangalia simu tena, mistari.

"Simu inapiga picha thelathini kwa sekunde," Shem alieleza. "Haziendi pamoja na monita. Inanasa kioo kikiwa kimechorwa mahali pengine mara moja, pengine mara mbili. Hiyo tofauti ndiyo mistari. Lakini ngoja niishushe." Alibonyeza vitu kwenye kompyuta, kioo kikazima na kuwaka. "Sasa iko sixty. Angalia kwa simu."

Kwenye simu picha ilitulia kabisa. Wawira alipoitazama monita yenyewe, sasa ndiyo ilikuwa ikipepesa, na baada ya muda mfupi macho yalianza kumuuma kwa ndani.

"Kwa hivyo inayofaa macho haifai simu."

"Ndio hivyo. Cyrille alikuwa ana-work na eighty-five. Sunday akitaka kumrekodia mamake, anaishusha. Anakaa hapo macho yakimuuma yeye, ndio kichwa cha mama kisiume. Na hiyo kushusha alikuwa anasahau! Anarekodi, anaangalia, anapata mistari, anajigombeza na Kirundi chake, anashusha, anaanza tena maneno yale yale. Nilikuwa namcheka sana." Shem alikuwa akitabasamu kweli sasa. "Ile ya kwanza hakuwahi kutuma. Hata siku moja."

"Alikuwa anazifuta?"

Tabasamu liliondoka. Shem aliangalia monita, akaangalia mlango.

"Shem. Zile za kwanza, zenye mistari. Alikuwa anazifuta?"

"Cyrille hakuwa mtu wa kufuta. Simu yake ilikuwa imejaa kila saa."

 Video zote za Capitoline Wawira alikuwa amezinakili, na alikuja na kompyuta yake ndogo. Aliisukuma bisibisi pembeni, akaiweka mezani, akaweka na simu kando yake. Kwenye simu alifungua video ya Jumapili iliyopita. Cyrille alivaa shati la kijani, mkononi kikombe kilichovunjika mkono, koleo imelala mezani imefunguka mdomo. Mvua ilikuwa ikipiga bati la gereji. Kisha kwenye kompyuta alianza kuzipitia zile safi za mwaka jana, moja moja. Shem alisimama nyuma yake bila kusogea.

Ilikuwa kwenye zile za Juni. Shati la kijani, kikombe kile, koleo imefungua mdomo upande ule ule, mvua juu ya bati. "Mama, habari za leo. Mimi mzima. Dawa usiache, na kula vizuri." Tofauti ilikuwa mbili tu: chai kikombeni ilikuwa imepungua kidogo, na kioo nyuma yake kilitulia.

Alichukua ya Jumapili iliyotangulia. Pacha wake alikuwa Machi ya mwaka jana. Ya kabla ya hapo, Septemba. Alipopata ya nne aliacha, kwa sababu alishajua, na kuendelea kungekuwa kumtesa Shem bila faida.

"Video za Jumapili hizi zote ni zile alizozikataa," alisema. "Mtu aliye hai hurekodi nyingine, Shem."

Shem alikaa kwenye stuli ya Cyrille. Alivua miwani, akaishika kwa mikono miwili.

"Mimi nilikataa," alisema. "Niliwaambia mimi ni nesi, mzazi hafichwi kitu kama hicho. Lakini Mzee Ézéchiel alikuja mpaka hapa, akakaa hapo, akalia. Mzee mzima. Ukiona mzee analia utamwambia nini?"

"Ilikuwaje?"

"November. Mama ana-admitiwa kesho yake, na Cyrille akasema mama hawezi kuingia theatre kupasuliwa kabla yeye hajamwona. Mvua ilikuwa inanyesha vibaya. Lori ilimgonga huko karibu na Huntsville, akiwa njiani. Hakufika hospitali." Alipangusa uso kwa mkono wa sare. "Daktari wa mama alisema hata habari ya kumshtua asipewe, moyo hautashika. Wakasogeza operation, wakakubaliana ataambiwa akipona. Tukamzika hapa Houston. Watu walikuja mabasi mawili kutoka Fort Worth, na mama akaambiwa ni semina ya kwaya."

"Na alipopona?"

"Kila mtu alikuwa anangojea mwingine aanze."

Wawira alifunga kompyuta. Kanisa zima, basi. Sambusa zile zote, chai ile yote, na kila Jumapili kumpa mama amani ya Kristo mkononi. Alitaka kukasirika, hakuweza. Aliwajua watu wa namna hiyo, alikuwa mmoja wao. Kwao pia habari ya msiba haitolewi kwa simu, wala mgonjwa haambiwi. Wanakuja watu wazima asubuhi, wanakukalisha, ndipo mmoja anafungua mdomo. Hawa walijipanga vizuri kwa kila kitu, ila hawakupanga nani atafungua mdomo. Alipoingia kwenye gari alilia sana, akamlilia kijana ambaye hakuwahi kukutana naye, kisha akajipangusa na kuwasha injini.

Wawira alimkuta Darius kwenye maegesho ya ghala, zamu yake ilipokwisha. Alikuwa na uso wa Cyrille, mpana kidogo. Wawira hakumzungusha.

"Nimetoka Pearland. Simu ya kaka yako unayo wewe."

Darius aliangalia miguu ya Wawira. Kisha aliingiza mkono kwenye koti na kuitoa simu yenyewe, kioo kimepasuka kona, akaishikilia bila kumpa.

"I was going to tell her, dada. Kweli. Kila Jumapili nasema leo. Halafu naona anangoja simu yake ilie, amevaa na miwani tayari. Unajua kazi ya kuchagua? Nakaa ndani ya gari nachagua brother wa kumpelekea."

"Ulichagua zenye mistari."

"Zile nzuri si alishaziona? Nilifikiri ni mistari tu, hataona."

"Ameona siku ya kwanza."

Darius aliziba mdomo kwa kiganja. Malori yalipita. Alipoongea tena sauti ilikuwa ya chini. "Msaidie na wewe. Mwambie umeongea na yeye. Sema umempata huko baharini, ana kazi nyingi. Wewe atakuamini, wewe si wetu."

Wawira aliliwaza ombi hilo kwa muda mrefu kuliko alivyopenda kukiri baadaye. Lilikuwa jambo jepesi, na lingempa mama Jumapili nyingine kadhaa.

"Zimebaki ngapi?"

"Moja. Na hiyo siwezi kuituma."

"Kwa nini?"

Darius alitikisa kichwa, akairudisha simu kotini.

"Mama yako alinituma nimtafutie mwanawe," Wawira alisema. "Nimempata. Sitamwambia uongo, na sitamwambia peke yangu. Mpigie Mzee Ézéchiel. Mpigie na Elvire. Kesho asubuhi tunakwenda kumkalisha, kama watu."

Walikwenda asubuhi, wakiwa wanne. Capitoline alifungua mlango mwenyewe. Aliona Mzee Ézéchiel amevaa koti la suti. Aliona Elvire amejifunga kitenge kiunoni na hajasema salamu zake za kelele. Aliona Darius, na Wawira nyuma kabisa.  Aligeuka, akashika ukuta, akatembea mpaka kwenye kochi, akaketi na kukiweka sawa kitambaa cha kichwa.

"Nimekaa," alisema.

Mzee Ézéchiel alianza. "Mama Cyrille, sisi tumekuja..." Akakwama. Akaanza tena kwa Kirundi, akakwama tena. Mzee aliyekuwa akisuluhisha ndoa na mashauri ya watu wote wale alisimama katikati ya zulia.

Darius alipiga magoti mbele ya mama yake. "Mama, Cyrille alikufa," alisema. "Alikuwa anakuja kukuona."

 Mkono wa mama ulikwenda kifuani, penye kovu, na Elvire akaruka kumshika, lakini Capitoline alimsukuma taratibu.

"Lini?"

"Novemba."

Capitoline alikunja kidole kimoja kimoja. Nje mtoto wa jirani alikuwa akiburuta baiskeli kwenye ngazi. Wawira alidhani anahesabu siku, kumbe alikuwa akihesabu misa.

"Kila mwezi nilimpelekea padri jina lake," alisema. "Apewe afya. Arudi salama. Padri hakujua, simlaumu. Ninyi mlijua. Jina la mwanangu lilisomwa, na ninyi mkaitikia."

"Sisi tulimwombea apumzike, Mama Cyrille," Elvire alisema akilia. "Kimoyomoyo. Kila siku."

"Na mimi? Mimi niliyemzaa? Mtoto yuko kaburini, nyote mnamwombea pumziko, mama yake peke yake anamwombea afya." Hapo ndipo sauti ilipokatika. "Mlinipasua mara mbili. Ile ya daktari nilipewa ganzi."

 Mzee Ézéchiel aliketi sakafuni akiwa na suti yake, kama mfiwa. Walilia pale pamoja, mwishowe, msiba uliokuwa umewekwa tangu Novemba. Wawira alisimama mlangoni, na alipoona hana kazi tena akageuka kutoka.

"Mwanangu, usiende," Capitoline alimwita. Kisha akamgeukia Darius. "Zimebaki?"

"Moja, mama."

"Ina mistari?"

"Inayo. Hiyo ni mbaya kuliko zote. Utaumwa."

"Weka."

Darius alitoa ile simu yenye kioo kilichopasuka, akaishika mbele ya macho yake. Cyrille alitokea amevaa fulana nyeupe, mistari myeusi ikikimbia nyuma yake kwa fujo. "Mama, habari za leo," alianza. Kisha akageuka kutazama monita, akacheka, akaisogelea simu mpaka uso wake ukajaa kioo kizima.

"Ah, hii hapana," alisema. "Hii itamuumiza mama kichwa."

Kiganja chake kikaja na kufunika picha.

Capitoline hakuwa amefumba macho hata kidogo. Alishika mkono wa Darius pamoja na simu, machozi yakimdondokea mapajani.

"Haiumi," alimjibu. "Haiumi, baba. Darius, weka tena."